Mtoto wa horini alijua kwamba yeye ni Mungu? Nimeulizwa darasa la Kipaimara

Mwinjilisti_wa_Mtaa (ameanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na salamu pia kwa ndugu wa imani nyingine mnaopita humu.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa, KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), huku Nyanda za Juu Kusini. Jumamosi nafundisha Kipaimara. Tumefika sehemu ya pili ya Imani kwenye Katekisimo Ndogo ya Luther, pale tunapokiri kwamba Yesu Kristo ni Mungu kweli, aliyezaliwa na Baba tangu milele, na tena ni mtu kweli, aliyezaliwa na Bikira Maria. Vijana wameshaikariri, ukiwaamsha usiku wa manane wanakusomea yote.

Sasa kuna binti mmoja huwa anakuja na mdogo wake mgongoni, kwa sababu Jumamosi ni siku ya gulio na mama yao anauza viazi. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, Yesu alipokuwa kama huyu wangu, alijua kwamba yeye ni Mungu? Maana kama alijua, basi alipokuwa analia alikuwa anaigiza. Na kama hakujua, basi kuna wakati Mungu alikuwa hajui kitu." Darasa zima likageuka kumtazama yule mtoto, naye amelala zake, mdomo wazi. Kabla sijafungua kinywa, kijana wa nyuma naye akadakia: "Na alipokuwa tumboni, dunia alimwachia nani?"

Nimewaahidi jibu Jumamosi ijayo. Jioni nikampitia fundi wangu wa baiskeli, Mwislamu, mtu mwema sana kwangu, nikamsimulia. Akanijibu kwa upole tu: "Mwinjilisti, Mungu hali wala halali. Hata Biblia yenu, Hesabu 23:19, inasema Mungu si mtu."

Sitaki kuwaambia watoto "hilo ni fumbo, aminini tu." Ni fumbo, naliamini na nitakufa nikiliamini. Lakini huyu binti ameuliza kwa akili yake yote, na nikimrudisha mikono mitupu atajifunza kwamba kanisani maswali ya kweli hayaulizwi. Naombeni msaada wenu, wachungaji, makatekista, na yeyote aliyekaa na jambo hili.

Kijana_wa_Ufufuo

Amina mtumishi! Mbona ni rahisi. Waambie hivi: Rais wa nchi anaamua kuvaa kaptula na ndala, anapanda daladala, anabanwa na abiria, anasikia wananchi wanavyolalamika. Hakuna anayemjua. Lakini yeye mwenyewe anajijua kuwa ni Rais, na akitaka anapiga simu moja tu mambo yanakwisha. Ndivyo Mungu alivyovaa mwili. Yesu pale horini alijua kila kitu, ila alinyamaza mpaka wakati wake ulipofika. Ubarikiwe.

Mkunga_Mstaafu_Kagera

Mwinjilisti, pole na kazi, na hongera kwa kupata mwanafunzi wa namna hiyo. Mimi ni mkunga, nimestaafu, Mworthodoksi wa huku Kagera. Maisha yangu ya kazi yote yamepita leba, ndiyo maana swali la binti huyo limenikalisha chini kuandika.

Kijana wa Ufufuo, mwanangu, niruhusu nianze na wewe, kwa sababu mfano wako nausikia kila mwaka ikikaribia Krismasi, na kila mwaka unaniuma. Huyo Rais wako akishuka kwenye daladala anarudi Ikulu, anavua kaptula, anaoga, anakula. Nauli haikumsumbua. Mtoto wake hakurudishwa shule kwa kukosa ada. Hakuwa mwananchi wa kawaida hata kwa dakika moja, alikuwa mtazamaji aliyesogea karibu. Ukimfundisha mtoto kwamba Mungu alifanya hivyo, binti yule ana haki ya kusema kilio cha horini kilikuwa maigizo. Ameona sawasawa.

Na fundisho hilo si geni. Lilikuwepo mitume wakiwa bado wanakumbukwa na watu waliowaona kwa macho. Walikuwepo waliosema Kristo alionekana tu kama mtu, mwili wenyewe haukuwa wa kweli. Ndiyo maana Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 4, unaweka kipimo: roho inayokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili inatoka kwa Mungu. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignatio, askofu wa Antiokia, alikamatwa akapelekwa Roma kutupiwa wanyama wakali, akilindwa na askari 10. Njiani akaandika nyaraka kwa makanisa. Kwa Wakristo wa mji wa Trale aliandika kwamba Yesu alizaliwa kweli, alikula na kunywa, aliteswa kweli, akafa kweli. Halafu akauliza: kama mateso yake yalikuwa ya kuonekana tu, mimi nimefungwa kwa nini? Fikiria mtu aliye njiani kwenda kuliwa na simba, na bado anaona ni lazima aandike kwamba Bwana wake alikula chakula.

Sasa niseme mtoto mchanga ni nani, kwa sababu yule wa kwenye kadi za Krismasi, mwenye mashavu ya miezi sita na macho yanayokutazama, mimi sijawahi kumpokea. Mtoto anatoka amelowa, ana utando mweupe wa mafuta kwenye makwapa na kwenye mikunjo ya mapaja. Kichwa kimerefuka kwa kubanwa njiani. Usipomkausha mara moja anapoteza joto, na akipoa sana anakosa hata nguvu ya kunyonya. Shingo haibebi kichwa: ukimnyanyua bila kutanguliza kiganja kwenye kisogo, kichwa kinadondoka nyuma. Anaona karibu tu, kadiri ya umbali wa kutoka kwenye titi mpaka kwenye uso wa mama yake. Kile kilio cha kwanza, ambacho leba nzima hushusha pumzi kukisikia, ni mapafu yanajaa hewa kwa mara ya kwanza. Kitovu kinafungwa na kukatwa. Kondo la nyuma linasubiriwa litoke lote, maana likibaki mama atavuja damu. Kinyesi cha kwanza ni cheusi, kinanata, hakitoki kwenye nguo kwa kufua mara moja.

Mimi ninaposimama kanisani na kukiri kwamba Mwana wa Mungu akawa mwanadamu, ndiyo mambo ninayoyakiri. Luka anasema Maria alimvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe. Kumfunika vizuri ndiko kulikomfanya asipoe usiku ule.

Ikoni yetu, yaani picha takatifu, ya Kuzaliwa kwa Kristo ina sehemu ambayo wageni wengi hawaioni, kwa sababu iko chini pembeni. Kuna wanawake wawili wanamwogesha mtoto. Mmoja amempakata akiwa uchi, mkono wake mwingine ameuchovya kwenye beseni anapima joto la maji. Mwenzake anamimina maji kutoka kwenye mtungi. Injili haiwataji wanawake hawa, wanatoka kwenye masimulizi ya kale ya Wakristo, lakini wachoraji wa ikoni wamewabakiza karne kwa karne, na mimi kama mkunga nawashukuru. Ule mkono ndani ya beseni unahubiri. Maji yanapimwa kwa sababu yakiwa ya moto mtoto ataungua. Mwili ungekuwa vazi tu, nani angejisumbua kupima?

Basi, alijua au hakujua? Katika karne ya 4 alikuwepo askofu wa Laodikia, Apolinario, mtu msomi na mpenda Kristo, rafiki wa Athanasio mwenyewe, yule askofu wa Aleksandria. Alitaka kulilinda hili la Kristo kuwa mmoja, akasema: mwili ni wa kibinadamu, lakini mahali pa akili ya kibinadamu amekaa Neno wa Mungu. Unaona kinachotokea? Pale horini tunakuwa na macho ya mtoto, na nyuma ya macho hayo akili ya Mungu inachungulia, inasubiri umri ufike. Ni yule Rais wa daladala. Askofu Gregorio wa Nazianzo akamjibu katika barua aliyomwandikia padre Kledonio, kwa maneno ambayo ningependa vijana wako wayakariri pamoja na Katekisimo: kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama Kristo hakutwaa akili ya kibinadamu, akili yangu haijaokolewa. Na akili ndiyo iliyoanza kuanguka kule bustanini, mdomo ukafuata. Mtaguso wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 381 ukalikataa fundisho la Apolinario.

Kwa hiyo mwambie binti bila woga: mtoto yule alikuwa na akili ya mtoto mchanga, kama ya mdogo wake. Hakuwa anaigiza. Luka anasema aliendelea katika hekima na kimo, na mtu haendelei katika hekima aliyokuwa nayo yote tangu jana. Alipokuwa na miaka 12 walimkuta hekaluni akiwasikiliza waalimu na kuwauliza maswali. Mimi nasoma kwamba aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Waebrania 5:8 inasema, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii. Aliyemshika mikono akapiga hatua za kwanza ni Maria, au Yusufu na vumbi la randa nguoni.

Hapo sasa ndipo wengine wanaogopa na kukimbilia upande wa pili. Wanasema: basi aliyelia si Mungu, aliyelia ni mtu Yesu, na Mungu alikuwa anakaa ndani yake. Nestorio, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alifika huko. Mwanahistoria Sokrate wa Konstantinopoli ameandika kwamba Nestorio alisema hawezi kumwita Mungu mtoto wa miezi miwili au mitatu. Mwaka 431 maaskofu walikutana Efeso, katika kanisa lililoitwa kwa jina la Maria, na Kirilo, askofu wa Aleksandria, akasimama juu ya jambo moja: aliyezaliwa na Maria ni Neno wa Mungu mwenyewe, katika mwili alioufanya kuwa wake, kwa hiyo Maria ni Mama wa Mungu. Walipotoka usiku, watu wa mji waliwasindikiza kwa mienge mpaka walikofikia. Mimi naona wale watu wa Efeso walielewa kilichokuwa kikigombaniwa. Kama mtoto wa miezi miwili hawezi kuitwa Mungu, basi Mungu hajafika kwetu, amemtuma mtu mwingine.

Ukiyashika hayo mawili pamoja, umefika kwenye Mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451. Nafsi moja, asili mbili, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Anayelia ni Mwana wa Mungu mwenyewe. Kilio ni cha mtoto mchanga, kamili, chenye njaa ndani yake. Kwa umungu wake hakuna asichokijua. Kwa utu wake alijua kadiri mtoto wa umri ule anavyojua. Ndivyo Athanasio alivyokuwa amelisoma lile andiko gumu la Marko 13:32, kwamba siku ile Mwana haijui: kutojua ni kwa mwili wetu alioutwaa.

Na kijana wa nyuma, aliyeuliza dunia aliachiwa nani, mjibu kwa Athanasio huyohuyo. Katika kitabu chake juu ya Neno kupata mwili anasema Neno hakufungiwa ndani ya mwili ule hata awe hayupo kwingine. Alikuwa tumboni mwa Maria, na saa ileile alikuwa anavishika vitu vyote pamoja na Baba. Hakuna aliyekaimu.

Abu_Rashid_Tanga

Asalaam aleykum. Mama mkunga, nakuheshimu, na nimesoma maneno yako yote. Mwinjilisti, fundi wako amesema jambo ambalo sisi tunalisoma katika Sura Al-Maida, aya ya 75, kwamba Masihi mwana wa Maryamu si chochote ila ni Mtume, na mama yake ni mkweli, na wote wawili walikuwa wakila chakula. Hoja ya aya hiyo iko wazi: anayekula anahitaji, na Mwenyezi Mungu hahitaji. Mama ameeleza kwa ufundi mkubwa jinsi mtoto anavyohitaji joto, maziwa na mkono wa kushika kisogo. Kwangu mimi ameisaidia hoja ya Qur'ani.

Tena, kama Mungu alikuwa Mungu halafu akawa mtu, amebadilika. Na anayebadilika ama anaongezeka ama anapungua. Nauliza kwa adabu, sitafuti malumbano.

Mkunga_Mstaafu_Kagera

Waaleykum salaam, Abu Rashid, na asante kwa adabu yako.

Aya umeinukuu sawasawa, na nusu yake ya mwisho naisema na mimi: walikuwa wakila chakula, wote wawili. Hata baada ya kufufuka, Luka 24, alipewa kipande cha samaki akala mbele yao. Kwamba anayekula anahitaji, nakubaliana nawe kabisa. Tunapoachana ni hapa: wewe unasema kwa hiyo si Mungu, mimi nasema Mwana wa Mungu alitwaa kuhitaji kwetu kukawa kwake.

Kuhusu kubadilika, lile neno la pili la Kalkedonia, "bila kugeuka", limewekwa kwa ajili ya swali lako hasa. Hatusemi umungu ulipungua ukawa nyama na damu. Mkristo anayesema hivyo anapingana na mtaguso wa kanisa lake. Tunasema Mwana, akibaki vile alivyo tangu milele, alijitwalia utu ambao hakuwa nao. Kilichopata mwanzo pale Nazareti ni ule utu. Na Hesabu 23:19, Mwinjilisti, isome hadi mwisho: Mungu si mtu, aseme uongo, wala si mwanadamu, ajute. Hapo nabii Balaamu anamwambia mfalme Balaki, aliyemwita awalaani Waisraeli, kwamba Mungu hawezi kuhongwa akageuza baraka kuwa laana. Na Mungu aliyeahidi kukaa na watu wake hakujuta, akaja.

Lakini Abu Rashid, utaniuliza, ya nini yote hayo? Si angesamehe tu kwa neno, yeye ni Mwenye kurehemu? Hapa nijibu kwa kazi yangu. Kuna usiku nilimpokea mtoto hai, analia vizuri, na kabla hakujakucha nikamfunika mama yake uso. Nimekaa nje na mume akiwa ameshika kanga mpya aliyokuja nayo kwa ajili ya kumpokelea mtoto. Pale neno la msamaha halifiki, kwa sababu huyu mama hakuwa ameshtakiwa kosa. Amekufa. Athanasio anasema balaa letu halikuwa kosa peke yake; kama lingekuwa kosa tu, toba ingetosha. Tulikuwa tumeingiwa na kifo, na Neno wa Mungu kwa asili yake hawezi kufa. Basi akatwaa mwili unaoweza kufa, akauingiza kaburini akiwa yeye mwenyewe ndani yake, na kifo kikamkuta Aliye Uhai. Waebrania 2:14 inasema vivyo hivyo: kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye akashiriki yayo hayo, ili kwa njia ya mauti amharibu yule aliyekuwa na nguvu za mauti.

Mimi siwezi kukulazimisha uamini, na wala sitaki. Lakini sikupi Mungu aliyepungua. Ninakuambia kwa nini yule mume niliyekaa naye niliweza kumtajia Mungu.

Abu_Rashid_Tanga

Mama, Mungu akulipe kwa ulivyowahudumia watu. Sijakubali, na sidhani nitakubali: kwetu Mwenyezi Mungu huhuisha wafu kwa kusema "Kuwa", hahitaji kuingia kaburini. Ila nimeelewa kwamba hamsemi kile nilichokuwa nikiambiwa mnasema, kwamba mtu aligeuzwa Mungu. Mnasema kinyume chake. Hilo nitalieleza kwa haki nikiulizwa.

Katekista_Machakos

Tumsifu Yesu Kristo. Nami niongeze kidogo kwa upande wa Wakatoliki, kwa sababu Mwinjilisti anafundisha vijana na vijana hushika zaidi kinachofanywa na mwili. Kila Jumapili tukifika kwenye Kanuni ya Imani pale "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu katika yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu", kanisa zima tunainama. Siku mbili za mwaka hatuinami, tunapiga magoti: Krismasi, na tarehe 25 Machi, sikukuu ya Maria kupashwa habari. Kutoka 25 Machi hadi 25 Desemba ni miezi 9. Watoto wangu nawahesabisha kwa vidole, na huwa wanashangaa kugundua kwamba Mungu alikuwa mwanadamu tayari wakati Maria mwenyewe hajaanza kuonekana tumbo. Wengi wanadhani Umwilisho ni Krismasi.

Jambo lingine. Mama ametaja Kalkedonia, na mmoja wa vijana anaweza kusikia kwamba Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Ethiopia hawakuikubali. Ni kweli, hadi leo. Lakini wasifundishwe kwamba hao ni wafuasi wa Apolinario. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja, wakikiri Kristo mmoja, Mungu mkamilifu kwa umungu wake na mtu mkamilifu kwa utu wake. Baada ya zaidi ya miaka 1,500 ya kutazamana kwa jicho la shaka! Mimi nikilisoma tamko lile huwa nafurahi kweli.

Mchungaji_Msomaji

Ndugu Mwinjilisti, mama mkunga amekujengea vizuri sana, na sina cha kubomoa. Niongeze tu kwa kuwa unafundisha Katekisimo ya Luther, usije ukashangaa ukiulizwa na mchungaji wako.

Lile la Athanasio, kwamba Neno alikuwa tumboni na wakati huohuo hakufungiwa humo, Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, alilipenda akalifundisha kwa nguvu. Sisi Walutheri tunakubali kwamba Mwana hakuacha kuvishika vitu vyote, lakini hatupendi kusema kana kwamba kuna sehemu ya Mwana iliyobaki nje na utu wake. Luther alitaka tuseme: ukimtafuta Mungu, mtafute kwa yule mtoto aliye kifuani kwa Maria, usipande mbinguni kumtafuta mwingine. Formula ya Makubaliano, ungamo letu Walutheri la mwaka 1577, kifungu cha 8, inasema hata utu wa Kristo ulishirikishwa enzi ya Kimungu tangu kutungwa mimba, ila katika hali ya kunyenyekea hakuidhihirisha wakati wote. Ndivyo tunavyosoma Wafilipi 2, kwamba alitwaa namna ya mtumwa. Kwa watoto wa Kipaimara usiingie huko ndani. Sema tu: yule aliyenyonya ndiye anayeshika nyota, na hakuna Mwana mwingine wa Mungu nyuma yake.

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Mama mkunga, shikamoo. Nimeyanakili majibu yako kwenye daftari kwa mkono, kwa sababu umeme huku hauaminiki na simu huzima. Abu Rashid, nitamfikishia fundi wangu salamu na maneno yako, nadhani atapenda kujua kuna Mwislamu amezungumza na sisi hivi. Katekista, hilo la 25 Machi nitalitumia. Mchungaji, nimekuelewa, sitaingia ndani.

Nimepanga kuanza na mtoto mchanga mwenyewe, kama mama alivyomweleza, maana darasani yupo. Halafu Ignatio na minyororo yake, halafu Efeso na mienge. Nestorio na Apolinario nitawataja bila kuwadhihaki. Walikuwa wanatafuta, kama sisi.

Lakini nimejaribu somo usiku huu kwa mke wangu, naye ameniletea swali ambalo nalisikia tayari mdomoni mwa yule binti. Anasema: "Ikiwa ni mtu kama sisi kwa kila kitu, na hakutenda dhambi, basi si kama sisi. Mimi kila siku natenda." Mama, hapo unasemaje?

Mkunga_Mstaafu_Kagera

Marahaba mwanangu. Msalimie mkeo, na mwambie ameuliza kitu cha ndani.

Dhambi haikuwamo wakati Mungu anamuumba Adamu, na Adamu alikuwa mtu kamili siku ile. Kwa hiyo kutwaa utu wote hakulazimu kutwaa dhambi. Ninapodanganya sizidi kuwa mtu, napungukiwa. Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi, na wala asidhani kwamba kwa sababu hiyo kwake ilikuwa rahisi. Anayejitoa kwa jaribu saa ya kwanza hajui uzito wake wa saa ya sita. Yeye aliubeba mpaka mwisho.

Halafu kuna Gethsemane, pale Yesu aliposali usiku wa kukamatwa kwake, na ningekuomba uwape somo zima la peke yake. Katika karne ya 7 watawala wa Konstantinopoli walitaka amani na Wakristo waliogawanyika, wakaelekeza ifundishwe kwamba Kristo alikuwa na mapenzi mamoja tu, ya Kimungu. Mtawa mmoja mzee, Maksimo, akakataa. Walimkata ulimi na mkono wa kuume ili asiseme wala asiandike, wakampeleka uhamishoni, akafia huko mwaka 662. Miaka 18 baadaye ukaitwa mtaguso Konstantinopoli, 680 hadi 681, ukakiri alichokuwa akikifundisha: Kristo ana mapenzi ya Kimungu na mapenzi ya kibinadamu, na haya ya kibinadamu yalimfuata Baba kwa kutii.

Wasomee Luka 22:42, "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Usiwaeleze chochote kwanza. Waulize tu hayo "mapenzi yangu" ni ya nani, na uwaache wabishane mpaka saa ya kipindi iishe.